Kamba Iliyokatwa Pichani

Kitu cha kwanza alichokitafuta mpiga picha kwenye jalada lile kilikuwa kamba, na kamba haikuwapo.

Jalada lilikuwa bado halijapelekwa kuchapwa. Lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya jarida, karibu na feni, kona yake moja ikipepea. Juu yake pikipiki kubwa ya rangi ya chungwa ilikuwa inapanda mlima wa matope, na matope yenyewe yameruka hewani kila upande. Chini yake maandishi mekundu: MFALME WA NJIA MBOVU.

"Moto, au siyo?" aliuliza Kasi. Kasi ndiye aliyekuwa mwandishi wa majaribio pale ofisini, na jina hilo walimpa kwa uzito wa mguu wake barabarani na wepesi wa ulimi wake kila mahali.

"Kamba iko wapi?"

"Kamba gani tena, dada?"

"Kamba, kaka. Iliyokuwa inamvuta mfalme wako."

Kasi akacheka kidogo, kisha akaanza kuikagua feni kana kwamba leo ndiyo ameiona.

Kila mwaka jarida lilifanya mpambano wa pikipiki za safari, zile za miguu mirefu na tangi kubwa, zinazotoka kwenye lami na kuingia vumbini bila kupiga hodi. Makampuni yaliwaazima pikipiki mpya, waandishi wakazipanda, wakazipa alama, mshindi akakaa kwenye jalada. Mpiga picha hakuazimwa kitu. Yeye alipanda pikipiki kuukuu ya ofisi, iliyobeba kamera, spana, pampu, maji ya kunywa na mafuta ya akiba ya msafara mzima. Waliiita Punda. Aina yake ilikuwa bado inauzwa madukani, mpya kabisa, ila haikuwa imebadilishwa tangu Kasi alipokuwa akivaa kaptula za shule: injini ile ile, taa ile ile ya mviringo, kiki ile ile ya kupiga kwa mguu. Na kwa kuwa Punda ndiye aliyebeba kamera, hakuwahi kuonekana kwenye picha hata moja.

Safari hii mfalme aligoma mlimani. Kasi alimlaza kidogo tu matopeni, kulala kwa kawaida, akamwinua, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Kwenye skrini yakatokea maandishi ya adabu nyingi: tafadhali wasiliana na fundi wa kampuni. Kasi akabonyeza kila kilichobonyezeka, akabembeleza, akatukana. Mwisho wake mpiga picha alimfunga mfalme kamba, ncha ya pili akaifunga nyuma ya Punda, akampa mwandishi mwingine wa msafara amwendeshe, na yeye akasimama kando na kamera yake. Punda akavuta. Yale matope yanayoruka pichani yalirushwa na tairi la Punda.

Sasa Punda alikuwa amekatwa ukingoni mwa picha, na kipande cha kamba kilichobaki kwenye shoki za mbele za mfalme kilikuwa kimefutwa kwa kompyuta, kwa ustadi, hata kovu halikuonekana.

Angekuwa peke yake na hasira zake, labda angezimeza. Alishameza nyingi pale ofisini. Lakini kulikuwa na dada yake.

Dada yake alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kwenye zahanati za mbali, sanduku la barafu likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki. Pikipiki yake ilikuwa ndugu wa Punda, tumbo moja, imechakaa kwa miaka ya kazi. Kituo kilikuwa karibu kununua mpya, na mganga mkuu, ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani, alikuwa anasubiri toleo la mpambano achague kutoka humo.

"Mwambie anunue tena kama hii," mpiga picha alikuwa amemshauri.

"Nimemwambia. Akaniuliza, mbona jarida la mdogo wako haliitaji?" Dada alikuwa anafuta sanduku lake kwa kitambaa, polepole. "Mdogo wangu, mimi sishindani na mtu. Nataka nikibonyeza iwake, na isipowaka niipige teke iwake. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo zimekwisha. Na wale kina mama wametembea na watoto mgongoni kuja kunisubiri mimi. Niwaambie nini? Nawasiliana na fundi wa kampuni?"

Maneno hayo ndiyo mpiga picha aliyoingia nayo kwa mhariri mkuu. Kasi akamfuata nyuma, maana hakupenda kukosa ugomvi.

Mhariri alikuwa mama mtaratibu, asiyepandisha sauti. Akavua miwani. "Keti, mwanangu."

"Nitasimama tu, mama. Kwa nini Punda hayumo kwenye mpambano?"

"Ana nini kipya?"

"Hana. Ndiyo sifa yake."

"Basi hana habari. Kampuni yake haituazimi pikipiki, haileti tangazo, haina cha kutangaza. Kitu kisichobadilika nitakiandikaje?"

"Moyo wako haujabadilishwa toleo tangu uzaliwe, mama. Mbona hujaulalamikia?"

Kasi akapaliwa na chai. Mhariri mwenyewe nusura atabasamu.

"Tazama jedwali lenu la alama," mpiga picha aliendelea. "Kuna alama za skrini. Kuna alama za muziki. Kuna alama za kiti chenye joto! Kwa jua hili, mama, kiti chenye joto cha kukaangia nini? Alama za kufika ziko wapi?"

"Zote zilifika," Kasi alidakia.

"Zote zilifika! Moja ilifika kama ng'ombe wa mnadani, kamba shingoni, na huyo ndiye mmempa taji!"

Mhariri akangoja hasira ishuke. Hakuwa mtu mbaya. Mpiga picha alilijua hilo, na ndilo lililomuuma zaidi.

"Nikuambie ukweli," mhariri alisema. "Mwaka huu niandike kwamba aliyeshinda ni Punda. Sawa. Na mwaka kesho? Atakuwa Punda. Mwaka wa tatu? Punda. Nitauza nini hapa? Msomaji ananunua hamu ya kitu ambacho hajakipata."

"Uza hamu, mama. Usifute kamba. Kuna watu wananunua kwa kuamini picha hii, na wakikwama huko hawana Punda wa kuwavuta."

"Picha ni ya ofisi."

"Jina chini yake ni langu. Sitaki likae chini ya uongo."

Mhariri akafikiri. Akavaa miwani, akachukua kalamu, akapiga mstari mwembamba juu ya jina la mpiga picha.

"Hapo je?" aliuliza kwa upole kabisa. "Tumeelewana?"

Basi naye akawa amekatwa. Alitoka mle masikio yakimwaka moto. Asubuhi toleo lilipotoka, akaichapa picha nzima, isiyokatwa, kubwa, kwenye mashine ile ile ya ofisi, akaikunja chini ya koti, akampiga Punda kiki.

Alipofika kituo cha afya, jarida lilikuwa limeshamtangulia. Lilikuwa mezani kwa mganga mkuu, na dada yake amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, uso wa mtu aliyekwisha kushindwa. Mpiga picha akasalimia, akajitambulisha, akaitandaza picha yake kando ya jalada.

Mganga akatazama hii, akatazama ile.

"Huyu wa mbele anafanya nini?"

"Anavuta."

"Na huyu mfalme?"

"Anavutwa, daktari. Alilala matopeni, akakataa kuwaka."

Mganga akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa, mbele mpaka nyuma, kisha nyuma mpaka mbele. "Huyu anayevuta mbona hayumo humu?"

"Ndiyo nimekuwa nikikuambia," dada alisema, na safari hii hakusema polepole. "Ndiyo hiyo hiyo yangu, daktari! Imesimama nje hapo, unaipita kila asubuhi!"

Mganga akalifunga jarida, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, katikati ya uso wa mfalme. "Haya. Tutaagiza kama hiyo hiyo. Nenda na chanjo zako, usije ukachelewa."

Nje, dada alimkumbatia mdogo wake mpaka kamera ikawabana kifuani, akafunga sanduku, akapiga teke, akaondoka zake akiimba. Mpiga picha alibaki amesimama kando ya Punda, funguo mkononi. Furaha ilikuwapo, hakuikana. Lakini hasira haikutoka. Alikuwa anawaza jarida lile lilikuwa limefunguliwa kwenye meza ngapi asubuhi hiyo, katika ofisi ambazo yeye hana dada.