Tope la Bwawa Kubwa

Huku kwetu Shunde kila mfugaji wa samaki ana bwawa kubwa la kuuzia na dogo la kula wenyewe. Samaki wa bwawa kubwa hatuwagusi. Wakiota ukungu tunawamwagia mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba. Wakivimba matumbo tunawachanganyia dawa za hospitali kwenye chakula.

"Hao ni wa watu wa mjini," husema mume wangu, Wing-tat. "Wenzetu wana matumbo ya chuma."

Kila kipupwe, tukishavua, bwawa kubwa hukaushwa na mama mkwe huingia topeni hadi magotini. Bibi zake walirutubisha miforosadi kwa tope hilo, nani amwambie kitu? Hulibeba kwa mzega begani mpaka bustani ya nyumbani, tena kwa mapenzi, maana mboga hizo ni za mjukuu wake, Pui.

Mwaka huu Pui aligeuka manjano. Tulimpeleka hospitali, daktari akambonyeza tumbo.

"Anakula samaki mnaowauza?"

"Hata mkia, daktari," Wing-tat akajibu, kifua mbele. "Wake tunawafuga kando."

"Na mboga?"

"Za bibi yake. Hazijawahi kuona dawa."

"Bibi anatia mbolea gani?"

"Tope la bwawa kubwa," nikajibu.

Tope lilipimwa. Kila tulichomwaga miaka yote hiyo kilikuwa kimelala mlemle. Daktari alisema ini la mtoto limeanza kuharibika, na asile tena chochote kinachoota kwetu.

Jioni mama mkwe alimlundikia Pui mboga bakulini, zinameremeta mafuta. Nikalivuta lile bakuli.

"We mwanamke, mtoto unamnyima chakula changu?"

Nikamweleza. Alitoka nje akaanza kuing'oa bustani, mche kwa mche, huku analia. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na sikwenda kumshika mkono.

Pui akasema ana njaa.

"Nenda sokoni, baba Pui," nikasema. "Kamnunulie mboga."

Wing-tat alichukua kofia, akafika mlangoni, akasimama.

"Kwa nani, mama Pui? Wanaouza pale ni majirani zetu. Zile wanazokula wenyewe hawaziuzi."