Mkono wa Kushoto wa Mutuku

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Winfred hakufukuzwa shule. Alipumzishwa kwa wiki mbili, na barua ya mwalimu mkuu ilitaja kosa lake kwa adabu kubwa: kuitikia jina la mwenzake majina yalipokuwa yakiitwa bwenini. Mwenzake huyo ni Najmo, ambaye dakika hiyo alikuwa nyuma ya jikoni akimbembeleza mpishi ampe simu aulize hali ya babu yake. Winfred aliitikia jina lake mwenyewe kwa sauti nzito, akaitikia la Najmo kwa sauti nyembamba ya puani, na mambo yangeishia hapo kama hangenogewa akaitikia pia jina la msichana aliyehama shule mwaka jana, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Basi Najmo naye akapewa barua yake, na wote wawili wakarudi nyumbani Kithyoko, kila mmoja na sanduku lake la bati.

"Babu ni mgonjwa sana," Najmo alisema walipofika sokoni. "Na kila siku ni neno moja tu. Hataki kufa akiitwa Diriye wa Nzomo."

Jina hilo kila mtoto wa Kithyoko alilijua. Mwaka wa tisini na nane, Nzomo, dalali wa mbuzi, alikutwa chini ya ua wa mkonge wa shamba lake, kichwa kimepasuka. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametukanana na Diriye, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia hapo kutoka mbali, mbele ya watu na mbuzi. Polisi walimweka Diriye ndani siku nne, wakakosa ushahidi, wakamwachilia. Soko ndilo halikumwachilia. Siku ile kijiji kizima kilikuwa mtoni kikijenga bwawa la mchanga. Sasa aliyebaki ni nani, kama si yule mgeni? Miaka ishirini na sita baadaye, akina mama bado waliwatisha watoto wasiolala kwa jina la mzee anayetembea kwa fimbo.

"Nipe wiki moja," Winfred alisema, mkono kifuani kama anayeimba wimbo wa taifa. "Nitakuletea muuaji amefungwa utepe."

"Wacha mchezo, Winnie. Apa."

"Naapa kwa Susu wangu."

Najmo akaridhika. Susu ni nyanya, na nyanya huyu, Nthambi, ndiye aliyemlea Winfred tangu alipokuwa na meno mawili. Kiapo kikubwa kuliko hicho Winfred hakuwa nacho.

Jumapili, baada ya kanisa, upelelezi ulifunguliwa rasmi. Winfred aliketi mbele ya Susu na daftari la kemia lililogeuzwa nyuma mbele, kalamu sikioni. Susu alikuwa akinywa chai, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimechomoza pembeni. Kilivunjwa na mchi alipokuwa msichana akitwanga mahindi ya muthokoi, kikaunga vibaya, na tangu hapo hakuna kikombe wala jembe lililoweza kukirudisha kwenye mstari. Winfred alizoea kukisalimia peke yake kila asubuhi: "Na wewe bwana, umeamkaje?"

"Shahidi, taja jina lako."

"Ati nini?"

"Jina, Susu. Hii ni ya serikali."

"Mimi ni yule atakunyima chakula. Andika hiyo."

"Siku Nzomo aliuawa, ulikuwa wapi?"

Susu alikitua kikombe polepole. "Mtoni, kwa mwethya. Kijiji kizima tulikuwa huko, kazi ya pamoja."

"Hata Umau?"

Wote wawili walitazama picha ukutani. Umau Mutuku, babu yake Winfred, mzee wa kanisa, marehemu kwa miaka minne sasa, alikuwa ameshika Biblia iliyoonekana kama kiberiti katika viganja vyake.

"Si nimesema kila mtu? Siku hiyo tulimaliza ukuta. Kila mtu akaweka mkono kwa simiti kabla ikauke, jina lake likaandikwa chini na msumari. Asiyeweka mkono alitoa kuku ya faini. Hata polisi walikuja wakahesabu hiyo mikono. Sasa toka, nioshe vikombe."

Vikombe vilikuwa viwili. Winfred aliandika: "Shahidi ni mkali, ana mambo mengi ya kuosha."

Mikono ile ilikuwa imelala miaka mingi chini ya mchanga, maana kazi ya bwawa la namna hii ni kujaa mchanga unaohifadhi maji. Lakini mwaka huu malori ya wezi wa mchanga yalikuwa yameukomba mto hadi mwambani, na ukuta ukabaki uchi. Winfred alishuka huko Jumatatu saa nne asubuhi, na furaha ya mtu anayekosa kipindi cha kemia kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Viganja vilipangwa safu kama wanafunzi paredi. Kulia, kulia, kulia. Alikipata cha NTHAMBI, akakipigia saluti. Kando yake palikuwa na MUTUKU, na kiganja cha Mutuku kilikuwa cha kushoto.

Alicheka kwanza. Mzee mzima wa kanisa, hajui kulia wala kushoto! Kisha akaweka mkono wake juu ya alama ile, ukatosha. Mkono wa msichana wa miaka kumi na saba ulitosha sawasawa mahali pa mtu aliyefanya Biblia ionekane kiberiti. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichokataa kuingia, kwa sababu nafasi yake ilipinda kwenda pembeni, kama ya mtu anayekunywa chai.

Katika Kithyoko nzima hakuna aliyeijua kama Winfred kazi ya kuitikia jina la mtu asiyekuwepo. Alikaa juu ya jiwe. Alitafuta utani wowote, hata mbaya, akaukosa.

Alimkuta Susu akichambua maharagwe. Aliuchukua ule mkono wa kushoto, akaulaza juu ya daftari, akauzungushia kalamu, kama walivyokuwa wakicheza alipokuwa mdogo. Susu aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Ilikuwa ni mambo ya kuku tu," alisema mwishowe. "Umau wako alisema anaenda kuangalia mpaka, atarudi. Hakurudi. Na mimi nilikuwa na tetea mmoja, anataga. Watu walikuwa wanaimba. Nikaweka mkono wangu, halafu nikaweka na wake."

"Halafu?"

"Halafu nikafika nyumbani nikamkuta anafua shati. Mutuku, anafua! Nzomo alikuwa amehamisha mkonge wa mpaka wetu na yeye. Walipigana. Hakutaka kumuua."

"Na Diriye?"

"Si walimwachilia?"

"Nani alimwachilia, Susu? Kila Idi anatuletea mguu wa mbuzi. Kila Idi unapokea, unamwambia Mungu akubariki."

"Ningeukataa aje? Angeuliza kwa nini."

"Na mimi nikikataa kulala, ulikuwa unaniambia nini?"

Susu aliinamia maharagwe.

"Ulisema Diriye wa Nzomo anakuja. Uliniambia mimi. Na ulikuwa unajua."

"Umau amelala," Susu alisema. "Huyo mzee naye hana siku nyingi. Wacha iishe na wao. Mimi ndiye nilikulea, Winnie. Si Najmo."

Winfred alingoja aongeze neno lolote, hata samahani ya uongo. Susu alirudia maharagwe yake, akapata kijiwe, akakitupa mlangoni.

Siku tatu Winfred alinyamaza. Najmo alipouliza, alikunja uso kiofisa akasema uchunguzi umefika mahali nyeti. Najmo alicheka.

Ijumaa ilikuwa Idi. Najmo alifika mlangoni na sufuria iliyofunikwa kitambaa.

"Babu ameshindwa kuja mwenyewe," alimwambia Susu. "Amesema nimsalimie dada Nthambi. Anasema hii ndiyo nyumba haikumfungia mlango."

Susu alifuta mikono kwa leso, akainyoosha yote miwili. Kidole kilichopinda kilitangulia.

"Susu, usipokee," Winfred alisema.

"Winfred!"

"Mwambie kwanza. Halafu upokee."

Susu alimtazama mjukuu wake jinsi mtu anavyomtazama mwizi aliyemlisha mwenyewe. Kisha akairudisha mikono ndani ya leso, akaingia, na komeo likasikika.

Winfred alimshusha Najmo hadi mtoni. Huko Najmo aliupitisha mkono wake juu ya simiti taratibu, hadi kwenye kile kidole. Winfred alimweleza yote bila kuongeza chumvi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa, Winnie."

"Najua."

"Jana babu hakulala. Aliniuliza kama umepata kitu. Nikamwambia angoje, Winnie aliapa kwa nyanya yake."

Winfred aliuchomoa kwenye daftari ukurasa wenye mchoro wa mkono. Nyuma yake alikuwa ameandika kila neno la Susu, na tarehe. "Mpelekee. Kwa chifu nitaenda mimi mwenyewe, niseme."

Najmo aliukunja ukurasa, akaubeba na sufuria ya nyama, akapanda mlima bila kuaga.

Baada ya muda sauti ya Susu ikashuka kutoka nyumbani, ile ile ya kila siku chakula kinapokuwa tayari. "Winfred! We Winfred!" Jina liliitwa mara tatu. Winfred alibaki amesimama kando ya ukuta, na hakuliitikia.