Baiskeli ya Miaka Ijayo

Baba yangu hununua kila kitu kikubwa. Nilipoanza shule alininunulia viatu vilivyonitosha nilipofika darasa la nne. Kabla ya hapo vilijazwa magazeti puani. "Mtoto hukua, kiatu hakikui," ndivyo asemavyo. Na hapa Batu, milimani Java, wazee wote ni wakulima wa matufaha, wote wanajua kwamba shimo la mche huchimbwa kwa kuufikiria mti, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Aliposema atamnunulia mjukuu wake baiskeli ya mlimani, nilivikumbuka viatu vile.

Mjukuu mwenyewe ni Kinasih, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja na wembamba wa mpini wa jembe. Mama yake yuko Hong Kong anawapikia watoto wa watu, mtoto tumebaki naye sisi, mimi na babu yake. Ni mtoto asiyesumbua. Ukimwuliza kama ameshiba atasema nggih. Ukimwuliza kama kipande hiki kidogo kinamtosha, nggih. Hiyo ndiyo "ndiyo" yetu Wajava ya kumjibu mkubwa, na tunawafundisha watoto wetu kabla hawajajua kujifunga vifungo. Kinyume chake, mboten, tunacho pia, lakini mtoto aliyelelewa vizuri hukiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Kinywani mwa Kinasih sikuwahi kukisikia.

Kila Jumapili nawafundisha watoto wa mtaani kwetu kushuka mlima kwa baiskeli, katika msitu wa misonobari ulio juu ya mashamba. Katikati ya njia kuna mahali tunapaita Ngazi za Mawe: mawe meusi yaliyojipanga ovyo, kila moja chini ya jingine, hadi kwenye kona. Baiskeli ya zamani ya Kinasih ilikuwa na shokapu mbele tu. Nyuma ni chuma kitupu, na kila jiwe lilimpiga teke. Siku moja ya mvua jiwe moja lilimrusha, akapasua mdomo. Tangu siku hiyo, akifika kwenye Ngazi hushuka na kuikokota, huku wavulana wakimsubiri chini.

"Oyaa, Kinasih! Unampeleka mbwa wako matembezi?"

Jioni moja tukiosha vyombo aliniambia, "Bulik, nikishindwa hata na hiyo mpya ya shokapu mbili, nitaacha. Nisiwasumbue watu."

Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Bulik, yaani mama mdogo, ndiye mimi, na nilijua huyu mtoto anaupenda ule mlima kuliko wali.

Tukaenda mjini Malang, kwenye duka la Koh Liong, Mchina wetu, ambaye ananijua tangu nina meno ya utoto. Alitoa baiskeli mbili. Moja ya buluu, magurudumu madogo, nyepesi hata niliinyanyua kwa mkono mmoja. Shokapu zake, ya mbele na ya nyuma, ziliundwa kwa ajili ya mtoto: ukikaa tu zinazama kidogo, kama godoro linalokukaribisha. Ya pili nyekundu, ya watu wazima wafupi, inang'aa kama pikipiki ya bwana harusi.

Baba aliitazama ile ya buluu kama mtu anayetazama tufaha bichi. "Hii ataipanda mpaka lini?"

"Miaka miwili, labda mitatu, Mbah," alisema Koh Liong. Wazee wetu wote ni Mbah, yaani babu, kwake.

"Mitatu! Mbuzi wangu anakaa zaidi. Mpandishe kwenye hiyo nyingine."

Koh alimpandisha. Ncha za vidole vya miguu ziligusa sakafu kwa shida. Vidole vya mikono vilizitafuta breki, vikazigusa, havikuweza kuzikunja. Koh akatoa upepo kwenye shokapu ya nyuma hadi kiwango cha chini kabisa, akambonyeza mtoto mabegani. Shokapu haikushtuka.

"Ngumu kidogo," alisema Koh. Mbele ya mzee, "kidogo" ya Koh Liong maana yake ni kwamba usithubutu kununua.

"Kigumu ndicho kinachodumu," alijibu baba. "Nduk, binti yangu, unaipenda?"

"Nggih, Mbah."

Zipo nggih za kifuani na zipo za menoni. Hii haikuvuka hata meno.

"Baba," nikasema, "unavikumbuka vile viatu vyangu vya shule?"

"Vilidumu!" alijibu kwa furaha.

Mimi ambaye huandika magazetini bila kuogopa kumpinga hata mkuu wa mkoa, nilifunga mdomo. Kumpinga baba mbele ya mwenye duka ni sawa na kumvua saruni barabarani.

Koh Liong hakukata tamaa. Alichuchumaa, akaonyesha pete nyembamba ya mpira iliyovishwa kwenye nguzo ya shokapu ya nyuma. "Mbah, nikuombe kitu kimoja. Mtoto akiwa mlimani, shokapu ikizama inaisukuma pete hii. Ikirudi, inaiacha pale ilipofika. Kabla hajapanda, iweke chini kabisa. Jioni ukiifuta baiskeli, itazame. Ikiwa imesafiri mbali, baiskeli inamfanyia kazi. Ikiwa haijasafiri…" Akamalizia kwa tabasamu.

"Na hii ya buluu?" niliuliza.

"Aa, hiyo." Alikuwa anaifunika shuka. "Sijaamua bei. Wiki hii siiuzi." Kibandiko cha bei kilikuwa kinaning'inia chini ya shuka.

Nyumbani tulipika uji mwekundu na uji mweupe, tukawaita majirani, ikaombwa dua ili baiskeli isije ikamdhuru mtu. Usukani ulivishwa maua ya waridi. Baba alisimulia jinsi alivyoichagua, kila mgeni alipoingia akaanza upya. Kinasih aligawa uji, akaitikia pongezi zote kwa neno lake lile lile.

Jumapili baba alikaa bondeni kwenye kigoda cha plastiki, na chupa ya chai na tempe, vipande vya soya vya kukaangwa, kwa ajili ya shujaa wake. Kutoka pale Ngazi hazionekani. Mimi nilisimama kando ya jiwe la kwanza.

Kinasih alikuja akiwa amening'inia kwenye usukani ule mpana kama nguo iliyoanikwa. "Breki!" nilipiga kelele. "Shika breki mapema!" Nikaona vidole vikinyooka, vikinyooka, havifiki. Gurudumu la mbele likashuka, la nyuma likaruka kama punda, naye akajitupa kwenye majani. Hakuumia. Aliinuka, akajipangusa, akaifuata baiskeli ilikolala, akaanza kuikokota.

"Jamani!" alipaza sauti mmoja wa wavulana. "Mbwa amekuwa ngamia!"

Nilimfuata kwa miguu, na mwisho wa njia, kabla ya kona ya mwisho, nilimwona akijipandisha tena, ili babu yake amwone akija juu ya kiti.

"Vipi, Nduk? Tamu?"

"Nggih, Mbah. Tamu."

Akala tempe yote. Tulipofika nyumbani akatundika helmeti msumarini, akasema bila kunitazama, "Bulik, Jumapili ijayo nitabaki nimsaidie Mbah kupalilia."

Nilijua nimesikia nini. Nikachemsha kahawa, nikajipangia hotuba, nikatoka nayo uani.

Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya baiskeli na kitambaa kimekauka mkononi. Tope lote lilikwisha kutoka. Alikuwa anaigusa ile pete kwa ukucha.

"Wening," aliniita. "Asubuhi niliiweka pete hii chini kabisa. Mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Baba."

"Bado iko chini kabisa."

Nilisogea na kahawa, nikainama kuitazama.

"Mtoto ameshuka mlima mzima, lakini baiskeli haijui kama ilipandwa." Akanigeukia. "Mbona aliniambia ni tamu?"

"Ulitaka akwambie nini, Baba?"

Akakaa chini kabisa, kwenye saruji. Nikaweka kahawa pembeni yake. Hotuba yangu yote ilikuwa imepotea.

"Na wewe ulijua?"

"Nilikutajia viatu."

"Viatu!" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Kwani vile viatu vilikuwa na nini?"

"Nilikuwa naanguka navyo, Baba. Mpaka darasa la tatu."

"Hukusema hata siku moja."

"Uliniuliza kama navipenda. Ningekujibu nini?"

Kahawa ilipoa akiitazama ile pete.

Siku iliyofuata, Kinasih alipotoka shule, babu yake alimpokea mlangoni akiwa ameshika kiuno. "Nduk, nihurumie mzee. Baiskeli hii ni nzito, nikiifuta mgongo unakatika. Twende tuirudishe."

Asubuhi ile ile alikuwa amebeba magunia ya samadi mpaka shambani.

Koh Liong alipotuona tunashuka kwenye gari aliikimbilia shuka kwanza, akaivuta. Kisha akapitisha kidole kwenye matairi ya ile nyekundu. "Bado yana vinyweleo vyake vya kiwandani. Hii ni mpya tu, Mbah. Tubadilishane."

Lakini baba hakuharakisha. Aliziweka mbili sambamba, akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Leo sikuulizi kama unapenda. Niambie ubaya wa hii nyekundu."

Kinasih alitazama viatu vyake. "Haina ubaya, Mbah."

"Basi naanza mimi. Wekundu wake unaniumiza macho. Zamu yako."

Koh Liong akageuka, akajifanya anapanga pampu ukutani.

"Breki ziko mbali," alisema Kinasih kwa sauti ya kuombea maji.

"Enhee."

"Kiti kiko juu."

"Enhee."

"Inanirusha, Mbah. Haizami, inanirusha. Na nikiipanda naona kama nimeazima ya mtu, naogopa hata kuikwaruza."

Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama anayepokea mavuno. "Haya. Na ya buluu? Nayo ina nini?"

Kinasih aliipanda. Nyayo zake zikalala sakafuni, breki zikajikunja mkononi, shokapu zikazama taratibu chini yake. Alifikiri sana.

"Kengele yake ya kitoto," alisema.

"Kengele inang'oka!" alidakia Koh Liong, na bisibisi tayari mkononi.

Jumapili iliyofuata baba hakukaa na kigoda chake bondeni. Alipanda mlima kwa magoti yake mabovu, akihema, akaja kusimama nami kwenye Ngazi za Mawe. Kinasih alifika, akasimama ukingoni, mguu mmoja chini. Wavulana huko chini walikuwa wamekwisha kujipanga. Nilimwona akiyatazama mawe, moja moja, akiubana mdomo ule aliowahi kuupasua hapo.

Baba naye aliona. Akanyoosha mikono. "Nduk, nikushikie nyuma? Mpaka jiwe la kwanza tu, halafu nakuachia."

Kinasih alimtazama babu yake. Vidole vyake vilizifunga breki, vikazilegeza.

"Mboten, Mbah."

Akainua mguu. Baiskeli ikaingia jiwe la kwanza, shokapu ya nyuma ikazama na kuinuka, ikazama na kuinuka, na kile kichwa kidogo chenye helmeti kikabaki kimetulia juu ya yote kama kuku anavyotuliza kichwa mwili ukitikiswa. La pili, la tatu, kona, kisha vumbi. Chini hakuna aliyetaja mbwa wala ngamia; nilisikia mluzi mmoja tu, wa mvulana aliyesahau kwamba alikuja kucheka.

Baba alikuwa bado amenyoosha mikono hewani.

"Umemsikia?" aliniuliza, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye mjukuu wake ametangazwa wa kwanza. "Wening, umemsikia? Amenikatalia!"