Maji ya Kunawa Daktari

Mwaka uliotangulia, daktari wa serikali alikuta upele na macho mekundu shuleni kwetu Muleba, na Mwalimu Kashaija akakemewa mbele ya wazazi. Akaapa kwamba aibu ile haitarudi. Kwa hiyo asubuhi ya ukaguzi wa 1952, kabla gari halijafika kutoka Bukoba, alipita kwenye mistari yetu akiwatoa wagonjwa.

"Wewe, kisimani. Na wewe. Daktari atataka maji."

Dada yangu Alistidia alikuwa ameingoja siku hiyo kama sikukuu. Jino lilimvimbisha shavu hadi jicho likafumba. Mama alikuwa amemfunga kitambaa safi na kumwambia, "Leo litang'olewa, mwanangu. Jioni utakula."

"Waitu mwalimu, mimi naumwa," Alistidia alisema kwa heshima ya Kihaya.

"Ndiyo maana unakwenda. Uso kama boga, unataka kumtisha mzungu?"

Watoto wakacheka. Akachukua kibuyu, akaenda.

Daktari alifika, akatukagua meno, akasema vizuri, vizuri sana. Nikamwona Alistidia akitokeza kwenye migomba, kibuyu kichwani. Kashaija akamwahi, akakipokea, akamrudisha kisimani na kingine.

Zamu yangu ilipofika nilipaza sauti kwa Kihaya, maana Kiswahili sikukijua bado: "Dada yangu ni mgonjwa! Amefichwa kisimani!"

"Anasema nini huyu?" daktari aliuliza.

"Anasema dada yake ndiye aliyekuchotea maji haya, bwana."

"Oo! Mwambie ahsante."

Akanawa mikono, akaondoka. Nilipojua Kiswahili ndipo nilipoelewa: maneno yangu aliyageuza, lakini kuhusu maji hakuwa amesema uongo. Hilo linanichoma mpaka leo.

Jumapili Alistidia alikufa. Uvimbe ulikuwa umeshuka kooni. Hata maji hayakupita.

Kashaija alikuja msibani amevaa koti lake la ukaguzi. Akaanza kutoa pole kwa maneno marefu, mapenzi ya Mungu, mtoto mtiifu. Mama hakuwahi kumpandishia mwalimu sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha. Alimshika mkono, akamvuta hadi kitandani, akafunua shuka.

"Kagua."

"Mama Alistidia, tafadhali..."

"Kagua, waitu mwalimu. Mfungue kinywa utazame. Leo hana wa kumtuma maji."

Kashaija aligeuka kuutafuta mlango. Wanaume walikuwa wamekaa hapo mlangoni, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, baba yangu mbele yao, na hakuna aliyesogea kumpisha.