Ripoti Iliyofungwa

Gatwiri alikuwa ofisini kwake Kinoru alipoiona ripoti ya kosa, tayari imefungwa bila kushughulikiwa. Yeye ndiye aliyesimamia tafsiri ya Kiswahili ya programu huria, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, ambayo wahudumu wa afya wa vijijini husoma kwenye simu wanapoelekeza wagonjwa. Aliyeandika alikuwa Wawira, mhudumu wa afya kule Ishiara: "Kwa Kiingereza hii dawa ya mtoto ni leo unapewa, kesho unaruka. Kwa Kiswahili ni mara mbili kwa siku. Ni gani ya ukweli?"

Lennox, mwenzake wa kujitolea, alikuwa ameifunga kwa sababu haikuwa na picha ya skrini wala namba ya toleo la programu. Kanuni hiyo aliitunga Gatwiri mwenyewe.

Akampigia Wawira.

"Kuna mtoto ameshapewa?"

"Jana mara mbili, na leo asubuhi. Nyanyake, Marcella, ni mwangalifu. Hawezi kusahau ya jioni."

Simu ya Marcella ilikuwa imezimwa, na jua lilikuwa linaelekea kutua. Wawira akachukua bodaboda kwenda kwake. Gatwiri akamtafuta Lennox, ambaye alijitetea kwamba alifuata kanuni.

"Ulifuata," Gatwiri akasema. "Sasa ondoa hayo maneno na uwatumie wahudumu wote onyo. Tutagombana baadaye."

Muda si mrefu onyo likatoka. Gatwiri akakaa akiitazama simu, asithubutu kupiga asije akamchelewesha Wawira njiani.

Hatimaye ikalia. Wawira alikuwa kituo cha afya. Alikuwa amemkuta mtoto nyumbani, amelegea mapajani mwa nyanyake, kijiko cha dawa kimeshajazwa lakini hajapewa, akawaleta wote wawili. Daktari alisema hawezi kuahidi kitu kabla ya asubuhi.

Asubuhi mtoto alikuwa na nguvu za kukataa uji, akalilia ndizi. Marcella hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama hao wanaoandika mambo ya simu wana watoto.

Gatwiri alipoambiwa hayo alifungua ukurasa wa kanuni. Kisha akaifuta ile kanuni. Tangu hapo wahudumu wangetuma ripoti kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, Kimbeere au Kimeru, na hakuna ripoti ambayo ingefungwa kabla aliyeileta hajapigiwa simu. Wenzake wakalalamika kwenye kikundi kwamba hakuna mwenye muda wa kusikiliza watu wote hao.

Ujumbe wa Lennox ulikuja mwisho: "Nitumieni mimi hizo sauti. Naanza na za Ishiara."