Anayefungwa Anatoka

Usiku wa jana niliota nimeitwa ofisini na mashine yangu ya gemu.

Wala sikushangaa. Ilikuwa imekaa nyuma ya meza, hiyo hiyo nyeusi ninayoifuta vumbi kila Jumamosi, imevaa koti na tai, feni yake ikiunguruma kama inavyofanya ikipata joto. Mbele yake palikuwa na faili lenye jina langu.

"Bwana Mbaruku, kaa," ikasema. "Wewe ndiye unayeandika maoni?"

Nikakiri. Tuna kikundi chetu cha WhatsApp hapa Tanga, wanaume wazima wenye ndevu na watoto, na kila mwezi mimi ndiye ninayewaeleza gemu nilizocheza zikoje. Kazi hiyo nimejipa mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Mashine ikavaa miwani, ikasoma. "'Gemu ya mpira: wachezaji wazito, kipa kama kaamshwa usingizini. Gemu ya hospitali yenye zimwi: inatisha kidogo, nimeimaliza kwa siku mbili.' Umeimaliza?"

"Karibu," nikasema.

"Ulicheza dakika ishirini, ukazima, ukaenda kuwasha taa ya uani."

Nikaangalia viatu vyangu. Sikuwa na viatu.

"'Gemu ya shamba,'" ikaendelea, "'haina adui, haina mbio, ni kumwagilia tu toka asubuhi. Nafasi imejaa kwenye mashine, kwa hiyo naifuta wiki hii kupisha gemu mpya ya magari.' Hii ya shamba anaicheza nani?"

"Mama yangu," nikasema.

Hapa lazima nieleze, maana hata ndotoni nilieleza. Mama alikuja kwangu kutoka Mlalo mwezi wa pili, baada ya majirani kumkuta amesimama sokoni hajui njia ya kwake. Anasahau. Alianza kwa kuwasahau majirani, wakafuata wajukuu, na wiki tatu sasa mimi ananiita fundi. Kila akiniona nimechuchumaa mbele ya TV na nyaya, basi amekata shauri kwamba nimekuja kuitengeneza na kazi imenishinda. "Fundi, bado tu?" ananiuliza. Nami najibu, "Bado kidogo, mama." Naumia sana nikijibu hivyo, lakini nikimbishia anaogopa.

Ila mpe pedi ya kuchezea, mweke kwenye shamba lile, hasahau kitu. Siku ya kwanza aligomba kabisa. "Mahindi matupu? Maharage yako wapi hapo katikati? Nani kawafundisha hawa kulima?" Akapanda maharage mstari kwa mstari, saa mbili nzima, na kesho yake alikumbuka alipoishia. Nami hiyo ndiyo gemu niliyokiandikia kikundi kwamba naifuta.

"Nafasi imejaa," mashine ikasema, ikifunga faili. "Na sheria yenu ni anayefungwa anatoka. Au siyo?"

Ndiyo. Mabanda yote ya gemu niliyokulia yalikuwa na sheria hiyo moja. Ukifungwa unainuka, unamwachia pedi anayengoja, hata kama wewe ndiye uliyefungua mlango asubuhi.

"Atatoka nani?" nikauliza. "Atoke wapi?"

"Kichwani kwa mama yako. Humo nako kumejaa. Mnagombea nafasi moja, wewe na mwenzio. Nenda kacheze."

Nikafungua mlango wa ofisi, nikatokea uwanjani.

Watu wamejaa majukwaani. Golini kwangu kipa amelala, amejifunika shuka mpaka kichwani. Katikati ya uwanja ananingoja mwanamume mwenye sura yangu, amevaa ovaroli, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio.

"Mimi ndiye fundi," anasema, ananipa mkono. "Niko kwa mama yako wiki ya tatu hii. Mama mzuri sana. Ananiwekea chai ya tangawizi."

"Hiyo chai ni yangu."

"Ananipa mimi," anasema kwa upole.

Refa anapuliza filimbi. Nakimbia, miguu haitoki. Wachezaji wangu wote wazito, kama nilivyoandika, kila mmoja anageuka kwa zamu kama kabati linalohamishwa. Fundi anapita katikati yetu. Nampigia kipa kelele aamke.

"Uliandika nina usingizi," anajibu kutoka ndani ya shuka. "Mimi nani hata nikupinge?"

Moja. Mbili. La tatu fundi anafunga kwa kichwa, na bisibisi haidondoki. Kila akifunga anakuja kuniambia pole, na naona kabisa anamaanisha. Jasho linanitoka. Najaribu kumkumbuka mama alivyokuwa akiniita nikitoka shule, nasikia sauti yake, lakini pale penye jina langu pamekuwa kimya.

"Toka," refa ananiambia. "Unajua sheria."

"Usimsikilize," pedi inaninong'oneza kiganjani. "Pitia hospitali, utamkuta mama yako upande wa pili. Fanya haraka."

Nyasi zikawa sakafu ya vigae. Nilikuwa kwenye korido ndefu, taa zote zimekufa, na mwisho wake alikaa zimwi kwenye dawati la mapokezi, akinoa penseli kwa kucha.

"Wewe ndiye uliyenimaliza kwa siku mbili?" akauliza.

"Nilikosea. Nisamehe."

"Ungevumilia dakika moja zaidi ungenijua. Kazi yangu hapa ni kuelekeza watu." Akainuka, kichwa kikagusa dari. "Shamba ni mlango wa mwisho. Nipe mkono, kuna ngazi."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa na maji maji na kucha ndefu, na sioni aibu kusema niliushika kwa nguvu zote, kwa sababu nilikuwa naogopa. Siyo yeye. Nilimwogopa mama, nisije nikafika akaniuliza mimi ni nani.

Mlango ukafunguka, jua likanipiga usoni. Shamba lote limesimama, mahindi na maharage yake katikati, na mama yumo ndani yake peku, kanga ameifunga kiunoni, anang'oa magugu. Fundi ameshafika zamani. Amekaa kwenye kigoda, anakunywa chai.

"Shikamoo, mama," nasema.

"Marahaba." Ananitazama, anamtazama fundi, ananirudia mimi. "Mbona mmefanana hivi? Huyu naye nani?"

"Ni mimi, mama. Mbaruku."

Anakunja uso. Anatafuta. Namwona anatafuta, na natamani nimsaidie kwa mikono.

Mashine ikatokea kwenye mahindi, suruali imejaa matope, faili kwapani. "Mama, usijisumbue. Huyu kafungwa tatu bila. Anatoka."

"Anatoka anakwenda wapi?"

"Anakutoka wewe. Utamsahau moja kwa moja. Nafasi imejaa."

Mama akanyoosha mgongo taratibu. "Shamba hili la nani?"

"Lako, mama."

"Basi wa kusema king'olewe nini ni mimi. Yakisongamana unapunguza, hilo hata mtoto wa Mlalo analijua. Lakini hung'oi linalokua."

Akaanza kutembea kwenye mstari, akigusa mashina moja moja. Nikamfuata nyuma. Akasimama kwenye hindi moja refu kuliko yote, limekauka, majani yanapiga kelele kwa upepo. Akalishika kwa mikono miwili.

Mashine ikafungua faili haraka. "Hilo ni kubwa, mama. Miaka arobaini na moja imo humo. Ukishaling'oa halirudi. Una hakika?"

"Limeshazaa," mama akasema. "Lilinipa lote lililokuwa nalo, sina ninalolidai. Siku hizi naliita haliitiki."

Sikujua ni la nani, lakini niliogopa. "Mama, liache," nikasema. "Niache mimi nitoke. Mimi nitakuwa fundi, sina neno."

"Wewe nyamaza. Hutaki kukumbukwa na mama yako?"

"Nataka," nikasema, nikaanza kulia.

"Haya, shika maharage hapo, nisiyakanyage."

Nikashika maharage. Mama akapanga miguu, akavuta. Hindi likatoka na mizizi yake yote na udongo, na mahali pake pakabaki shimo kubwa, kubwa kuliko nilivyotazamia. Fundi akaweka kikombe chini, akakusanya bisibisi zake, akamshukuru mama kwa chai.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani na mke wangu Hidaya alikuwa jikoni, nilisikia vyombo. Nikakaa kitandani nikijisemesha kwamba ni ndoto tu, mtu mzima nacheza gemu mpaka naziota.

Nikaenda sebuleni. Mama alikuwa ameshakaa mbele ya TV, pedi mkononi, shamba limewashwa.

"Mbaruku," akasema. "Umeamkaje, mwanangu?"

Hidaya alikuwa anakuja na birika, akasimama pale pale mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi? Huyu mkeo anakupikia kweli?" Akamcheka Hidaya, na Hidaya akacheka huku machozi yanamtoka. Nilifurahi, sijui niseme vipi. Nikapiga magoti nikamshika mikono, naye akaniacha nimshike kidogo, kisha akaichukua, maana alikuwa na kazi.

Halafu akainua macho, akatazama ukutani juu ya TV. Akatazama kwa muda.

"Mbaruku, hebu niambie. Yule mzee kwenye picha, mwenye kofia ya viua, ni nani?"

Ni baba. Alifariki mwaka wa saba huu, na aliishi na mama miaka arobaini na moja. Mpaka jana, hata aliponiita mimi fundi, picha hiyo aliisalimia kila asubuhi kwa jina.

Hidaya akanitazama.

"Ni mtu wa kwetu, mama."

"Ana uso mzuri," akasema mama, akarudi kumwagilia.