Gemu ya Kumpimia Mposaji

Mtu akija kuposa kwetu hajibiwi siku ile ile. Huambiwa, "Tupeni muda tuulizie," kisha ukoo mzima unamiminika mtaani kwao kuuliza: anasali? Anavuta? Hana mke mwengine kamficha? Na majirani, Mungu awasamehe, jibu lao ni moja miaka yote: kijana mzuri, salamu hazimpiti.

Ndivyo walivyomsifu Anuar, mume wa dada yangu Shahida. Leo Shahida karudi kwa baba na watoto wawili, na Anuar bado anaamkia watu barabarani kwa heshima zote.

Kwa hiyo Darwesh alipoleta posa yangu, shangazi yangu Bi Kulthum akapiga meza. "Safari hii simuulizi jirani wala imamu. Huyu ntampima mwenyewe. Kwa gemu."

Usicheke. Baba hapitishi harusi bila ya neno la dada yake, na dada yake akisema hapana, hata mkuu wa mkoa haigeuzi. Mie nshafika miaka ishirini na tisa, Darwesh nampenda mpaka naona haya kusema, na bahati yangu yote ikawa imo ndani ya kompyuta yake iliyoko ghorofa ya tano, Michenzani.

Shangazi alikuwa mwalimu wa jiografia. Alipofanyiwa operesheni ya goti, ngazi zikamshinda, mwanawe Mundhir akamletea kompyuta kutoka Maskati, imejaa zile gemu za kusafiri ndani ya hadithi: unatembea, unaokota vitu, unazungumza na watu, unafumbua mafumbo. Goti limepona mwaka wa nne huu. Yeye hajainuka kitini.

Nikazipanda ngazi mbio kwenda kujitetea. "Gemu ipi, Shangazi?"

Akavaa miwani. "Kuna ile ya msituni."

"Nzuri hiyo! Inachemsha damu."

"Uzuri wake ndio huo, husinzii. Lakini humo utavijua vidole vya mtu, mwenyewe humjui. Anuar angeimaliza kwa siku moja. Halafu ukifa unafufuka papo hapo. Mtu atajifunza kuogopa nini?"

"Basi ile ya mnara."

"Ya mnara ina akili," akakubali. "Kila unachookota kina kazi yake mbele, hata kamba mbovu. Inapima subira. Ila walioitunga, wallahi, walikuwa na wazimu. Ufunguo umo tumboni mwa samaki, samaki kaibwa na paka, paka hamtoi mpaka apigiwe filimbi, na filimbi imo ndani ya mkate. Nani anatia filimbi kwenye mkate? Nlikwama wiki tatu!"

"Si ndiyo subira yenyewe hiyo?"

"Na ile ya nyumba?" Shangazi akauliza.

"Ah, ile si gemu!" nikasema. "Hakuna adui, mafumbo yenyewe ya kuhesabu, kazi kufungua makabati ya watu mpaka inakwisha. Picha nzuri, muziki mzuri, usingizi mzuri."

"Mie ilinitoa machozi. Hadithi yake ndiyo hadithi. Ila fupi, nlitaka zaidi."

"Ukimweka Darwesh mbele ya ile atalala, halafu utasema mvivu."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akainua mikono: haya, mnara. Mie nikateremka zile ngazi nikicheka peke yangu, maana majibu ya mnara yote yamo kwenye mtandao. Kabla sijafika barabarani nshamtumia Darwesh orodha: mkate, filimbi, paka, samaki, ufunguo. Akaniandikia, "Dalal, huku si kudanganya?" Nikamjibu, "Haya ni mapenzi. Kariri."

Jumamosi alasiri akaja, katoka Kizimbani kwenye utafiti wake wa mikarafuu, kapita kwao Kiembe Samaki kubadilisha nguo. Kanzu imenyooka, mkononi kopo la halua.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Akakaa, akaiweka simu yake mezani. Shangazi akawasha kompyuta, na kioo kikajaa nyumba nyeupe yenye bustani. Ile gemu ya nyumba!

"Shangazi! Tulisema mnara!"

"Ulisema wewe. Nlikusikia ukiteremka ngazi unacheka."

Mwanamke huyu ni balaa. Akamweleza Darwesh: wewe ni mtu katoka safari, umekuja kumtazama shangazi yako, humwoni nyumbani, tafuta kaenda wapi. Kisha akajikatia kipande cha halua akatulia.

Darwesh akafika mlangoni, akasimama. Akasimama tu.

"Mbona huingii?" nikamuuliza.

"Natafuta pa kubisha hodi."

"Hakuna hodi, bonyeza mlango!"

"Mwenyewe hayupo. Ntaingiaje tu?"

"Wewe mpwa wake, ingia," Shangazi akamwambia. Ndipo akaingia. Akakuta bomba linachuruzika, akalifunga. Akakuta sufuria sakafuni, akairudisha jikoni, na gemu wala haikumtaka afanye hivyo. Akafungua droo. Ndani mna bahasha imeandikwa jina la mtu mwengine. Akaifunga droo taratibu.

"Isome," nikasema.

"Si yangu."

"Darwesh! Hiyo ni gemu! Usipoisoma haiendelei!"

"Basi isiendelee."

Nusu saa nzima, jamani. Kijana anazunguka sebule ya watu, anatazama picha ukutani, anarudi dirishani, anatazama bustani. Shangazi anatafuna halua, uso wake hausomeki. Nikaiona harusi yangu inafia pale pale, mbele ya droo moja. Uvumilivu ukanishinda. Nikavuta kiti, nikampokonya kipanya.

Bahasha nikaichana, barua nikaisoma. Droo ya pili, nikaitia mkono. Mkoba wa bibi wa watu nikaumwaga kitandani. Nikainua godoro, nikakuta daftari lake la siri, nikalisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na kisanduku cha nambari. Nikajaribu tarehe yake ya kuzaliwa, kikafunguka. Kumbe bibi kahamia kwa dada yake, mzima wa afya! Dakika kumi na nane tu, na majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda juu.

"Haya!" nikapiga makofi. "Imekwisha! Kafaulu!"

Nikageuka. Darwesh alikuwa hatazami kioo, ananitazama mimi. Shangazi akaiweka sahani chini, akajipangusa vidole kimoja kimoja.

"Mwanangu Darwesh," akasema, "sisi tunajua kuwaulizia wanaume. Na nyie je, mlimuulizia huyu?"

"Mama aliulizia. Majirani walimsifu sana."

"Majirani zetu nawajua. Sasa umejionea kwa macho yako." Akavua miwani. "Bado unamtaka?"

Uso ukaniwaka moto. Nilitaka kusema ile ni gemu tu, na nilijua kama si gemu tu. Nikaogopa, wallahi, nikaogopa kweli kweli.

Darwesh akanyoosha mkono polepole, akaichukua simu yake iliyokuwa karibu na kiwiko changu, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Namtaka, Shangazi," akasema.